Funguo Saba za Lori Moja

Sehemu ya Tano

Kila siku, ikifika saa sita na nusu mchana, dereva Xaveri alifanya mambo yale yale. Alilisimamisha lori la kijiji mbele ya ofisi, akafungua boneti, akaingiza mkono ndani na kuchomoa rota. Ni kitu kidogo cheusi, ukubwa wake kama kifuniko cha chupa ya wino, lakini kisipokuwepo injini haiwaki hata ukiwa na funguo za dunia nzima. Alikifuta kwa kitambaa, akavuka uwanja mpaka zahanati, akampa nesi Theresia. Theresia alikitia ndani ya kopo la pamba, akafunika.

"Ahsante," husema Xaveri.

"Haya," hujibu Theresia.

Kesho yake asubuhi alirudi kukichukua, na wakaambiana hayo hayo. Miezi minne ilipita hivyo.

Ijumaa, msomaji, ndipo tulipowaacha: wanaume wote wa Mikoroshini wako msikitini, kifuniko cha kopo kiko mkono wa kushoto wa Theresia, rota iko mkono wake wa kulia, Xaveri amesimama mbele yake, na huko nje injini ya lori ikanguruma.

Waliitazama ile rota. Wakatazamana.

"Ni yenyewe?" aliuliza Theresia.

Xaveri alikuwa keshatoka mbio.

Alilikimbilia lori lile mpaka kanda ya kandambili yake ikakatika. Lilikwenda zake kwa utulivu, likainama kwenye bonde, likapanda upande wa pili kuelekea barabara kuu. Aliyeliendesha alibadili gia vizuri sana. Hilo lilimuuma Xaveri kuliko vumbi alilomeza.

Wa kwanza kutoka msikitini alikuwa Mzee Likwata, mlinzi wa lori, na rungu lake. Alijitetea pale pale. Alisema yeye husali karibu na mlango kwa makusudi, ili alione boneti muda wote. Aliliona wakati wa kusimama, akaliona wakati wa kurukuu. Wakati wa kusujudu, alikiri, huwa haoni kitu.

Na mwizi alihitaji sijida moja tu.

Kabla hatujaendelea, yafaa ujue lori hili lilikuwa linalindwaje, maana watu wa Mikoroshini walijivunia ulinzi wao mpaka vijiji vya jirani vikachoka kuwasikiliza.

Lilikuwa Bedford la buluu, limenunuliwa kwa korosho za misimu mitatu. Watu walikula mihogo mikavu miaka mitatu ili magurudumu sita yaingie kijijini. Ndilo lililobeba magunia, ndilo lililowapeleka wanawake wenye uchungu hospitali ya misheni Kipatimu, kwenye njia ambayo hata mbuzi huifikiria mara mbili.

Lilipofika lilikuja na funguo mbili. Mwenyekiti Fakihi alichukua mmoja, dereva akapewa wa pili. Haikupita wiki wajumbe wa kamati wakanuna. Mali ya umma itakuwaje mikononi mwa watu wawili? Huo ni ujamaa gani? Vikao vitatu vilikaliwa. Katika cha tatu iliamuliwa, kwa makofi, kwamba kila mjumbe awe na ufunguo wake. Fundi wa mjini akachonga. Wajumbe saba, funguo saba.

Dereva, kwa kuwa si mjumbe, alinyang'anywa wake. Kila alfajiri alikwenda kubisha hodi kwa mjumbe wa zamu kuuomba, na kila mchana akaurudisha.

Mjumbe mmoja aliuvaa shingoni harusini. Mwingine aliutumia kuchokolea kiko. Wa tatu alikuwa anafungua mlango wa lori baada ya chakula cha mchana ili alale humo, maana kiti cha lori ni laini kuliko kitanda chake. Juu ya boneti waliandika kwa rangi nyeupe: MALI YA UMMA, USIGUSE. Kisha wakalala usingizi wa watu waliomaliza kazi.

Xaveri aliyaona yote haya. Hakugombana na mtu. Alianza tu kuchomoa rota. Watu walipomwona anakwenda zahanati kila mchana, waliamua kwamba ana ugonjwa wa kifua, wakawa wanampa pole njiani. Alizipokea.

Haya, tuendelee.

Alasiri ile ile ya Ijumaa kamati iliona lazima polisi wapate habari. Katibu wa kijiji, Ahmadi, kijana msafi mwenye kalamu mbili mfukoni, alijitolea kwenda na baiskeli. Alikuwa safu ya mbele msikitini, kila mtu alimwona. Mwenyekiti alimshika bega mbele ya watu, akasema kijiji kingekuwa na Ahmadi watano kingefika mbali.

Jumamosi asubuhi kamati ikakaa kumtafuta mwizi bila kutoka ofisini.

Mwenyekiti Fakihi alizungumza kwanza, na kwa muda mrefu. Alisema lori limeibwa na mabeberu. Mjumbe mmoja akauliza kama mabeberu wanaijua njia ya Mikoroshini. Mwenyekiti akafikiri, akabadilisha. Alisema mabeberu wana vibaraka, na kibaraka hutafutwa kwa kuhesabu nani hakuwepo msikitini. Wakahesabu. Akabaki mmoja.

Xaveri alisimama katikati ya chumba, kandambili moja imefungwa kwa kamba ya katani.

"Sote tulikuwa kwenye sala," alisema Mwenyekiti. "Wewe hukuwepo."

"Mimi ni Mkristo, Mwenyekiti."

"Hilo tunalijua. Ulikuwa wapi?"

Xaveri alisema alikuwa amepumzika. Wapi? Kivulini. Kivuli gani? Akasema tu kwamba yeye hana ufunguo, na wao wanao. Mwenyekiti alimwambia dereva wa kweli hahitaji ufunguo, huunganisha nyaya. Tena mtu aliyetoka juu huko kwa Wamakonde, ukoo wake hakuna anayeujua, unamwamini vipi?

Dirishani, nje, Theresia alisikia kila neno.

Alijua kwa nini Xaveri anasema uongo. Baba yake Theresia ni katekista wa Kipatimu, mtu ambaye aliwahi kumrudisha binti wa watu nyumbani kwa kucheka kanisani. Kijiji kikisikia kwamba mchana wa Ijumaa, wakati hakuna mtu, dereva alikuwa kwa nesi, habari ingefika Kipatimu kabla ya jua kuzama, nayo ingefika imenenepa. Xaveri alikuwa radhi kwenda jela kuliko kulitaja jina lake.

Mkono wa Theresia ulikuwa ndani ya mfuko wa sare, umeishika rota. Miguu ilimwambia rudi zahanati. Alisimama hapo hapo, hakurudi wala hakuingia.

Wakati huo huo askari akatokea.

Alikuwa Konstebo Klementi, ametembea kutoka barabara kuu, jasho linamtiririka, karatasi kubwa zimekunjwa kwapani. Mwenyekiti alimpokea mlangoni kwa mikono miwili. Aliwageukia wajumbe, akawaambia watazame jinsi Ahmadi anavyofanya kazi: jana katumwa, leo askari huyu hapa.

Konstebo aliwaamkia wazee, wakaitikia marahaba. Mwenyekiti akaanza kueleza. Konstebo akainua kiganja kumnyamazisha. Alisema ana vijiji sita vya kuzunguka na miguu miwili tu, kwa hiyo yeye atasema kwanza, wao baadaye.

Akakunjua bango moja, akalibandika ukutani.

Alisema wizi wa magari umezidi pwani yote ya kusini. Tangu mwezi wa saba zimekwenda Landrova mbili na trekta moja, na trekta lenyewe lilichukuliwa likiwa shambani, jembe bado limo ardhini. Ndipo wakaamua kutuma askari kila kijiji chenye gari. Je, wanajua kwamba gari haliachwi mahali lisipoonekana?

Mwenyekiti alisema lao liko mbele ya ofisi.

Kuna mlinzi? Yupo. Mzee Likwata alisimama, akalionyesha rungu.

Namba ya injini imeandikwa mahali? Imeandikwa. Mwenyekiti alikuwa ameingia katika mtego wa sifa, hakuweza kutoka. Kila alichoulizwa alijibu kwamba wamefanya zamani.

Konstebo alifurahi. Alisema hajaona kijiji kama hiki tangu aanze ziara. Akatoa daftari.

"Sasa nionyesheni hilo lori."

Wajumbe wakatazama sakafu. Mwenyekiti akatazama bango. Mzee Likwata alijikohoza.

"Limetangulia, mwanangu," alisema.

Ilichukua muda kumwelewesha. Alipoelewa, Konstebo Klementi alikaa kitako, akavua kofia. Aliuliza kwa nini polisi hawakuarifiwa. Wakamwambia kwamba Ahmadi kaenda. Akasema yeye katoka kituoni leo alfajiri, na hakuna Ahmadi wala mtu wa baiskeli aliyefika pale jana.

"Pancha," alisema Mwenyekiti haraka. "Njia ile ina miiba."

Konstebo hakubishana. Aliuliza ufunguo huwa kwa nani. Hapo wajumbe wakaanza kujipapasa. Mmoja akauweka wake mezani, kisha wa pili, kisha wa tatu, huyu akiupangusa tumbaku. Zilipofika sita wakamweleza kwamba wa saba anao Ahmadi.

Konstebo alizihesabu mara mbili. "Mmemkosea adabu mwizi wenu," alisema. "Mngemchongea wa nane."

Mwenyekiti Fakihi hakuzoea kuchekwa ndani ya ofisi yake. Sauti ilimpanda. Alisema hawakumwita askari aje kuhesabu funguo, mwizi yuko mbele yake, amesimama na kandambili ya kamba, hana shahidi, hana maelezo, achukuliwe. Konstebo alimtazama Xaveri, akamuuliza yeye mwenyewe: jana saa saba ulikuwa wapi? Xaveri akarudia kivuli chake.

Konstebo alishusha pumzi. Akatoa pingu.

Mlango ukafunguliwa.

Theresia aliingia na sare yake nyeupe. Aliwaamkia wazee kwa sauti ndogo hata wengine hawakuitikia. Alikwenda moja kwa moja mezani, akaiweka rota katikati ya zile funguo sita. Ikagonga meza.

"Hii ni ya lori," alisema. "Lori lilipowashwa, hii ilikuwa kiganjani mwangu, na Xaveri alikuwa amesimama mbele yangu."

Xaveri alifumba macho.

Mjumbe wa kiko alinong'ona kwamba kumbe hakikuwa kifua. Wenziwe wakaguna. Theresia alisikia, masikio yakamwaka, lakini hakuondoka. Alieleza yote kwa maneno machache: rota ni nini, hutolewa saa ngapi, huwekwa wapi.

Mwenyekiti alikuwa mjinga wa mambo mengi, ila si wa ugomvi. Alipiga meza. Basi ndiyo hiyo! Kama lori haliwaki bila rota, na likawaka, lilitiwa rota nyingine. Nani kijijini hapa anajua rota ni nini kama si dereva?

"Aliyeisoma barua," alisema Theresia.

Barua gani?

Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne, nakala ya kaboni iliyorudishwa na kamati. Xaveri hana mwandiko mzuri, kwa hiyo Theresia ndiye aliyemwandikia, mwezi wa Ramadhani uliopita. Dereva haruhusiwi kununua spea. Huomba kwa kamati, na ombi bila sababu halipokelewi. Alimpa Konstebo aisome mwenyewe.

Konstebo alisoma kwa sauti: "Naomba rota moja ya akiba. Sababu: kila siku mchana naitoa iliyomo ili mtu asiweze kuliwasha lori, na naogopa isije ikapotea."

Chini yake palikuwa na sahihi kubwa ya Mwenyekiti, ina mikia miwili.

"Uliisoma?" aliuliza Konstebo.

"Niliitia sahihi," alisema Mwenyekiti.

Siri pekee iliyokuwa inalilinda lori la Mikoroshini iliandikwa kwa wino, ikapigwa mhuri, ikapelekwa ofisini kwa utaratibu. Wajumbe saba walipewa waisome. Sita walikuwa wamesahau miwani. Wa saba aliisoma, akaikunja vizuri, akaenda nayo Lindi kununua rota. Aliporudi alisema spea hazipo, nchi haina fedha za kigeni.

Shingo zote zikageukia kiti cha Ahmadi.

Nyuma ya kiti, imeegemezwa ukutani, ilikuwapo pampu ya baiskeli. Mtu anayekwenda mwendo wa saa nne kwenye njia ya miiba ameacha pampu yake ofisini. Mwenyekiti aliitazama pampu hiyo, neno pancha likamkauka mdomoni.

Sasa Konstebo naye alikuwa anakuna kidevu. Aliuliza, polepole, kama baiskeli ya huyo Katibu ina kitako cha manyoya ya kondoo. Wakasema ndiyo. Na lori ni la buluu? La buluu. Boneti imeandikwa?

"Mali ya umma," alisema Mzee Likwata.

"Imepakwa tope," alisema Konstebo. "Nilidhani ni uchafu wa njia."

Ilimbidi aseme. Leo saa mbili asubuhi, njia panda ya Somanga, alilikuta lori la buluu linatiwa petroli kwa madebe, mtu asiyemjua kwenye usukani, baiskeli imefungwa juu. Aliwapa bango. Kijana mmoja msafi alimshukuru sana, akasaidia hata kushika ncha wakati wanalibandika mlangoni. Walisema wanakwenda Dar es Salaam.

Hakuna aliyecheka. Mikoroshini wana makosa mengi, lakini walijua kumwonea haya mgeni.

Konstebo alivaa kofia, akasimama. Alisema foleni ya pantoni ya Ndundu huchukua siku nzima, bado wanaweza kupatikana kabla hawajavuka Rufiji. Saa sita mabasi mawili hupita barabara kuu, moja la Dar es Salaam, moja la Kilwa. Akikimbia sasa atalipata la Dar.

Hapo ndipo Mwenyekiti Fakihi alipofanya jambo baya kuliko yote aliyoyafanya katika hadithi hii, na tumeshaona mengi. Ahmadi alikuwa kipenzi chake. Alimsifu jana mbele ya kijiji kizima. Kama mwizi ni Ahmadi peke yake, basi mpumbavu ni Fakihi peke yake. Akatafuta wenzake wa kugawana naye.

Alisema sawa, Ahmadi ni mwizi. Lakini mwizi hafanyi kazi bila wasaidizi. Barua imeandikwa na nani? Na huyu nesi. Imeombwa na nani? Na huyu dereva. Wote watatu ni kitu kimoja.

Akaichukua rota mezani, akainyanyua juu.

"Kitu chenyewe hiki," alisema. "Kinaenea mfukoni. Mtu mwenye nia njema angekitia mfukoni, akaenda kula. Kwa nini akipeleke kwa mwanamke, kila siku, miezi minne? Walikuwa wanapanga."

Konstebo aliichukua rota kutoka mkononi mwake. Akaitia katika mfuko wa shati. Ikaingia. Akafunga kifungo, akajipapasa. Hata haikutuna.

Akamgeukia Xaveri, na safari hii sauti yake haikuwa na mzaha.

Alimwambia kwamba Mwenyekiti, kwa mara ya kwanza leo, ameuliza swali la maana. Rota ingekaa mfukoni. Ingekaa chini ya godoro. Badala yake imetembezwa uwanjani mara mbili kwa siku. Akipata jibu linaloingia akilini, atapanda basi la Dar kumfuata Ahmadi. Asipolipata, atapanda la Kilwa na watu wawili wenye pingu, na lori litavuka mto.

"Wawili?" aliuliza Xaveri.

"Wewe na huyu nesi. Mmesema wenyewe mlikuwa pamoja."

Theresia alikuwa anatazama zile funguo mezani kana kwamba ameambiwa azikariri. Yeye mwenyewe, ukimuuliza, hakulijua jibu. Miezi minne alilipokea lile dude jeusi, akalifunika kwa pamba, akaambiwa ahsante, akajibu haya. Usiku mmoja au miwili alijiuliza. Hakuthubutu kuuliza, kwa sababu aliogopa kuambiwa kwamba zahanati ina kufuli nzuri.

Nje, mbali, honi ya basi la kwanza ililia kutoka upande wa Miteja.

Mwenyekiti alisema, mnaona, hana la kusema. Mjumbe wa kiko alimwambia Xaveri kwa huruma aseme chochote, hata uongo, basi linakuja. Konstebo alizifungua pingu, akapiga hatua moja. Haikuwa kwa Xaveri. Ilikuwa kwa Theresia, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu.

Xaveri alisogea akasimama kati yao.

Alitazama kamba ya kandambili yake. Kisha akainua uso, akamtazama Theresia, si askari, ingawa aliyeuliza alikuwa askari.

"Mfukoni ingekaa salama," alisema. "Hata chumbani kwangu ingekaa salama. Nilikuwa naileta kwako ili nikuone mchana, na nakuachia ili asubuhi niwe na sababu ya kurudi kukuona tena."